Mashine Ilijibu Badala Yao

Niliingia Morogoro nimekaa juu ya magunia ya karanga. Treni niliyopanda Kigoma ilitushusha Dodoma kwa sababu reli ya mbele ilikuwa imesombwa na maji, na kila abiria akaambiwa ajijue. Nikapata lori hadi Gairo, nikalala sokoni, asubuhi nikapata jingine. Nilipoiona milima ya Uluguru imejifunika mawingu juu ya mji, nikamgongea dereva anishushe. Sikuwa na mtu pale. Nilishaishi Mpanda, Tunduru na Tanga, na kila mahali nilikaa huku natamani nilikotoka. Sasa naandika haya nikiwa mbali, na ninachotamani ni milima ile.

Nilianza kwa kubeba mizigo sokoni, kisha nikawa napanda mlimani kununua mboga. Akina mama wa kijiji kimoja cha juu, upande wa Mgeta, wakanizoea. Hapo ndipo Dokta aliponipata. Alikuwa mtafiti, rika langu, akiandika makala kuhusu bustani zinazolimwa kando ya vijito. Alihitaji mtu wa kumpeleka na kuuliza maswali, akaahidi kuwa jina langu litakaa miongoni mwa waandishi. Mimi, wa kidato cha nne! Nilifurahi, siwezi kuficha.

Akina mama walitoa sharti moja: kitakachoandikwa wasomewe wao kwanza kabla hakijaenda popote. Dokta alikubali mbele yao, wakampigia makofi.

Tulikaa uani baada ya misa. Walieleza habari za kabeji, njegere, mbolea, na walanguzi wanaowapunja. Mwisho nikauliza swali la Dokta: je, wangekubali kuziacha bustani za kando ya kijito ili maji ya mjini yasipungue? Wakanyamaza wote. Kule shamba ni la ukoo wa mama. Hakuna mwanamke anayeweza kulisemea peke yake mbele ya mgeni, kabla ndugu zake na wajomba hawajakaa. Ukimuuliza hivyo anakaa kimya, na kila mtu wa pale anajua kimya hicho si ndiyo. Simu ya Dokta ikaendelea kurekodi sauti za maji ya kijito na kuku. Kisha bibi mmoja, mkubwa wao, akainuka, akakung'uta kanga, kikao kikaisha.

Miezi ikapita. Dokta akanitumia makala, tayari ameshaipeleka kwenye jarida la nje. Ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kiliishia shuleni, kwa hiyo nikaiomba akili mnemba ya kwenye simu initafsirie. Nikapanda nayo mlimani kuitimiza ahadi.

Nilisoma vizuri tu mpaka nikafika hapa: "Mkulima mmoja alisema: Tuko tayari kuzihama bustani hizi endapo tutapatiwa elimu na fidia stahiki."

Uani pakalipuka kicheko.

"Kumbe nimeshahama!" akasema mmoja. "Nani kanifungia mizigo?"

"Fidia stahiki," mwenzake akarudia kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Mama wee, umeanza lini kuongea hivyo? Mumeo anajua?"

Bibi hakucheka. "Maneno haya yakifika mjini, atakayekuja kututoa shambani atasema tulikubali wenyewe. Nani aliyasema?"

"Hakuna, bibi."

"Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Mlinyamaza."

"Basi nenda ukawaambie tulinyamaza."

Nikashuka hadi ofisini kwa Dokta. Alinikaribisha chai, nikamwonyesha mstari ule.

"Kaka, rekodi zilikuwa nyingi," akasema. "Niliipa mashine, hii akili mnemba, iziandike. Mahali penye kimya huwa inajaza kidogo."

"Kujaza kidogo ni kuwahamisha watu?"

"Usikuze mambo. Kila mtu anaitumia siku hizi."

"Hata mimi naitumia. Wewe ulirudi kusikiliza rekodi?"

Akakoroga chai yake.

"Na hapa chini," nikaendelea, "umewaambia wahariri kuwa akili mnemba ilirekebisha lugha tu."

"Ndivyo tunavyoandika wote."

"Yatoe maneno hayo, Dokta. Usipoyatoa nitaliandikia jarida mwenyewe."

Akacheka. "Wewe? Kwa Kiingereza kipi?"

"Mashine itanisaidia. Na nitawaambia kuwa imenisaidia."

Hakuyatoa. Nikaandika. Nikawaeleza wahariri kwamba mimi ndiye niliyeuliza swali lile, kwamba hakuna aliyelijibu, na kwamba rekodi ipo, waiombe waisikilize. Mwishoni nikaweka wazi kuwa barua nimeiandika kwa Kiswahili, ikatafsiriwa na mashine, na mwalimu mmoja jirani yangu ameilinganisha na ya Kiswahili neno kwa neno. Sikuona aibu yoyote kusema hivyo. Aibu ni kumwekea mtu maneno mdomoni, kisha ukaweka jina lako juu yake.

Makala ikasimamishwa. Watafiti wengine waliokuwa wakinipa kazi wakaacha kupokea simu zangu. Rafiki yangu mmoja wa sokoni akaniambia, "Sasa umefaidi nini? Si ungenyamaza ule?" Nikamwambia kula nilikula kabla ya Dokta, na nitakula baada yake. Wala sikufukuzwa na mtu. Kazi ilikwisha, na miguu yangu ikaanza kuwasha kama kawaida yake.

Siku niliyoihama Morogoro, nilikuwa stendi ya Msamvu, begi begani, ujumbe wa Dokta ukaingia. Makala imesahihishwa, inatoka. Ameambatanisha. Jina langu limeondolewa. "Natumaini umeridhika," aliandika.

Nikamjibu: "Umewasomea?" Sikungoja jibu. Nikaitafuta sehemu ile, nikaitafsiri kwa kichwa changu, taratibu, nikampigia bibi.

"Shikamoo, bibi. Sikiliza walivyoandika sasa: walipoulizwa kuhusu kuhama, wanawake hawakujibu, na kimya chao kisichukuliwe kuwa ridhaa."

"Marahaba. Soma tena." Nikamsikia akiwaita wenzake waje.

Nikasoma tena, kwa sauti kubwa, watu wa stendi wakanigeukia. Kondakta akanifokea nipande, gari linaondoka. Nikapanda huku nasoma.