Dua Iliyokatwa Nusu

Mwanasha Boga alishtakiwa kwa kuiba nazi za mama yake. Sijakosea kusema. Minazi kumi na minne, marehemu mama yake aliipanda kwa mkono wake huko Msambweni, na tangu azikwe, bintiye ndiye aliyekuwa akiiangua kila baada ya miezi mitatu, wala hapakuwa na wa kumuuliza. Kisha akatokea tajiri mmoja wa hoteli na hati ya shamba, seng'enge ikazungushwa, na siku Mwanasha alipomleta mkwezi kama kawaida yake, askari walimchukua yeye na nazi zake. Pwani nzima inajua kwamba mti ni wa aliyeupanda, hata udongo ukiwa wa mwingine. Karatasi ya mashtaka haikulijua hilo. Iliandika wizi.

Na mwizi mwenyewe ni nani? Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, anayekaanga viazi karai asubuhi na kuwasomesha wasichana Kurani alasiri barazani kwake. Mara nane alikwenda mahakamani, na mara nane akarudishwa: faili halionekani, hakimu yuko likizo, shahidi hakufika. Kila alipoomba karatasi za ushahidi ili amjue anayemshuhudilia, aliambiwa bado. Mwizi wa kweli angekuwa ameshafungwa na kutoka.

Wasiwasi ulimkaa kifuani. Chakula hakikupita. Akisomesha, sura aliyoihifadhi tangu utotoni ilimpotea katikati, na wasichana wakainamisha vichwa kwa kumwonea haya. Jela aliiogopa, lakini neno mwizi aliliogopa zaidi. Nani angempeleka mwanawe kwa mwalimu mwizi?

Akamwendea mjomba wake, Mzee Mbarak, anayekaa Ukunda nyuma ya maduka ya Kona ya Musa. Huyo ndiye ndugu pekee wa mama yake aliyebaki, na siku minazi ile ilipopandwa yeye ndiye aliyeshika jembe.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivyo?"

Mwanasha alimweleza yote. Mzee alizungusha tasbihi yake, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Dawa yako ni dua," alisema. "Kila baada ya sala sema mara saba: Allahumma inni audhu bika minal hammi wal hazan. Mola atakukinga na wasiwasi na huzuni. Kisha siku ya kesi, kubali kosa, mama. Utaonywa tu, urudi nyumbani. Usishindane na wenye nguvu. Subiri, Mwanasha."

Alisoma. Wallahi alisoma, siku kumi mfululizo, mpaka kifua kikapoa kidogo, akaanza kuona kwamba kukubali ndiyo salama.

Siku ya kumi na moja aliwaandikia wasichana dua hiyohiyo ubaoni, yote, na chini yake maana kwa Kiswahili, kama afanyavyo kwa kila dua. Wasiwasi na huzuni. Chaki ikaendelea: kushindwa na uvivu. Ubakhili na uoga. Uzito wa deni. Na kuonewa nguvu na watu.

Hapo chaki ilisimama. Dua ile aliijua yote tangu yeye mwenyewe yuko chuoni, ila hofu ilikuwa imemfanya ameze alichopewa. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakamwaka moto. Mtu mzima mwenye tasbihi mkononi anampa nusu ya kumtuliza na kumfichia nusu ya kumsimamisha! Aombe kukingwa na uoga, kisha aende mwenyewe kukiri wizi asioufanya?

Mara ya tisa alipokwenda mahakamani, aliisoma dua nzima akiwa kwenye benchi, hakuruka neno. Kesi yake ilipoitwa, mwendesha mashtaka alisimama akitabasamu, akasema amepata habari kwamba mshtakiwa yuko tayari kukiri. Mwanasha alishtuka. Shauri hilo la kukiri hakuna aliyelijua ila mjomba wake.

Karani akamsomea mashtaka upya. "Ni kweli au si kweli?"

"Si kweli, mheshimiwa. Nimeangua nazi za mama yangu. Kuiba sijaiba, na leo nataka nisikizwe."

Tabasamu lilimtoka mwendesha mashtaka. Hakimu alimuuliza kama shahidi wake amefika. Akajibu, kwa shingo upande, kwamba amefika, na akalitaja jina.

Mzee Mbarak aliinuka kutoka benchi la nyuma na kanzu yake iliyopigwa pasi. Mwanasha alimtazama akipita mbele yake, huyo aliyeshika jembe, na akaelewa yote kwa mara moja. Subira aliyohubiriwa ilikuwa ya kumwokoa mjomba asije akala kiapo cha uongo. 

Karani alimnyooshea mzee msahafu ili aape. Mzee aliurudisha mkono wake nyuma.

"Samahani, mheshimiwa. Sina udhu."

"Bomba liko nje, mzee," hakimu alisema. "Nenda ukatawadhe, tutakusubiri."

Akatoka. Wakasubiri robo saa nzima. Askari aliyetumwa kumwita alirudi peke yake, na mwendesha mashtaka, bila haya, akaomba tarehe nyingine.

Mwanasha alisimama kabla ya kuambiwa. "Tarehe nyingine ya nini? Hii ni ya tisa!"

Hakimu alifungua faili, akahesabu tarehe kwa kidole ukurasa baada ya ukurasa, akalifunga. Alikataa. Hakuna shahidi, hakuna ushahidi, mshtakiwa aachiliwe.

Watu asiowajua walimpa mkono wa heri. Mwanasha aliwashukuru bila kucheka, akatoka, akauzunguka ukuta mpaka kwenye lile bomba. Sakafu chini yake ilikuwa kavu.