Nyasi za Paa la Jiko

Kila nyumba ya nyasi inapobomolewa ili ijengwe ya mabati, harufu ya masizi hunijaa mdomoni kabla ya kufika puani.

Ukame ulipozidi, mabua ya wimbi ya malisho yalikwisha, na ng'ombe wetu wa pekee alikuwa amezaa juzi tu. Mama akapanda juu ya kibanda cha jiko, akaanza kung'oa nyasi za paa.

"Mvua ikija utapika wapi?" bibi, mama yake baba, alimfokea kutoka chini.

"Mama, mvua ikija malisho yatakuwepo. Leo hayapo."

Alizikung'uta masizi, akazinyunyizia maji ya chumvi, akamwekea ng'ombe. Ng'ombe alinusa, akageuza kichwa. Mama hakuondoka. Alisimama pale na nyasi mkononi mpaka ulimi wa ng'ombe ukatoka kuzichukua.

Mimi nilikuwa na njaa. Nikachukua unyasi mmoja, nikautafuna na kuutafuna, haukumezeka. Ulikuwa moshi na chumvi tu.

"Tema," mama akasema. "Yeye atakula. Wewe utakunywa."

Mvua ilipokuja ilitunyeshea ndani. Tulisogeza mafiga kwenye kona iliyobaki kavu, tukanywa maziwa yenye harufu ya paa letu.