Sauti Iliyoita Mara Moja

Nyumbani kwetu Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, hatukuitika wito wa kwanza. Mtu akiita jina lako kutoka nyuma ya ukuta, au katikati ya mihogo, au barabarani wakati vumbi limesimama na huoni sura, unanyamaza. Unaacha kazi ya mikono na kungoja. Akiita tena, ndipo unasema, “Niko!” Nyanya alinifundisha hivyo kabla hajanifundisha kusali.

“Mufu anaitaka jina lako mara moja tu,” alisema. “Muzima atarudilia. Muzima iko na haja na weye, hawezi choka mbio.”

Sikuwahi kumwuliza alijuaje, kwa sababu nilijua. Tulipokimbia Kivu ya Kusini nilikuwa mgongoni mwake, mtoto wa kunyonya bado. Mama alikuwa nyuma yetu na sufuria kichwani. Ndani ya mtama sauti ikaita jina la mama, mara moja, na haikuwa sauti ya mtu wa kwetu. Mama akasema, “Niko!” akageuka. Nyanya anasema alisikia sufuria ikiwekwa chini polepole, kama anavyoiweka mtu anayejua atarudi kuichukua. Basi. Hadi leo hayo ndiyo yote tunayoyajua.

Kwa hiyo shule yetu ilipoalikwa kwenye shindano la maswali la televisheni kule Mbarara, wenzangu walifikiria kombe, na mimi nilifikiria kwamba televisheni inafika mbali. Kama mama yu hai mahali fulani, si lazima awe na televisheni yake. Inatosha apite mbele ya duka. Asingeijua sura yangu, hilo nilikubali. Lakini mwalimu alikuwa ametuambia kwamba kamera humgeukia anayejibu, na jina lake huandikwa chini ya kidevu, lote, kama lilivyo. Jina langu alinipa mama mwenyewe. Hakuna mwingine niliyesikia ana jina kama hilo.

Shida ni kwamba ilibidi nijibu. Mimi niliyekuwa kidato cha tatu na bado, mwalimu akiniuliza kitu darasani, nilimwandikia jibu na kumpelekea mezani.

Tulikuwa watatu, msichana mimi peke yangu. Nahodha alikuwa mvulana wa kidato cha nne, Mkongomani kama mimi, aliyesema hata akiwa usingizini, ndugu zake walituambia. Wa pili alikuwa mvulana wa hesabu, ambaye simkumbuki akisema kitu kisicho namba. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Mbarara. Kengele ya kubonyeza hatukuwa nayo, basi kila mmoja alikuja na sufuria na kijiko, akaifudikiza kwenye dawati. Mwalimu alisimama mbele yetu na kusoma maswali kwa Kiingereza, halafu akatugombeza kwa Kiswahili chake.

“Nyinyi watoto, kama wewe najua, piga! Hapana ngoja mimi namaliza. Hii iko vita.” Kisha akanigeukia. “Na wewe, akili iko mingi. Mdomo iko wapi?”

“Aliiacha Kongo,” nahodha akasema, na wote wakacheka, nami pia.

Miji mikuu, mito, wafalme, alama za kemia, vyote tulivirudia mpaka masufuria yakabonyea na nyumbani wakaanza kulalamika. Tulifanya mazoezi ya kila kitu isipokuwa kuitwa na mtu tusiyemwona.

Ukumbi ulikuwa Kamukuzi, mtaa wa Mbarara, upande wa kilima ambako nyumba zina nyasi zilizokatwa na hakuna anayetembea. Tulifika asubuhi. Mapazia yalikuwa meusi, na ndani kulikuwa na baridi ya ajabu kwa mahali penye taa nyingi kiasi kile. Wapinzani wetu walikuwa wa shule ya kambi ya jeshi, watoto wa askari, sare zao zimepigwa pasi hadi zimekuwa ngumu. Kijana wao mmoja alituangalia kuanzia viatu.

“Nyinyi ya Nakivale,” akasema, “nasikia huko TV naangalia kwa dirisha ya mutu.”

“Ni kweli,” nahodha wetu akamjibu. “Na kwenu baba anapiga saluti hata kwa friji.”

Msichana wao alicheka mpaka akashika ukuta. Nilimpenda papo hapo.

Mwuliza maswali tulikutana naye kwenye korido. Alikuwa mtu mfupi, anakula karanga kutoka kwenye karatasi, akatusalimia vizuri na kutuuliza kama tumekunywa chai. Nayasema haya ili ieleweke kwamba nilimjua na nilijua sauti yake, ndogo, yenye mafua kidogo.

Halafu wakatuketisha kwenye meza ndefu na kuwasha taa.

Ukiwashiwa taa za televisheni, ulimwengu unaishia kwenye meza. Niliona mikono yangu, kengele nyekundu, glasi ya maji. Zaidi ya hapo ukuta wa mwanga, na nyuma ya mwanga giza lililokohoa, likasogeza viti. Mwuliza maswali alikaa humo gizani, na sauti yake haikutoka alikokaa. Ilitoka kwenye spika zilizowekwa nyuma yetu na kandokando. Haikuwa ya mtu wa karanga tena. Ilikuwa pana, haina mwili.

Raundi ya kwanza majibu yalisemwa na nahodha. Mimi nilimnong'oneza, yeye akasema, tukawa mbele. Kamera, jicho lake dogo jekundu likiwaka, ilimtazama yeye. Raundi ya pili kila mtu alikuwa peke yake. Kanuni ilikuwa hii: unaitwa jina, unasema “Nipo” kwa Kiingereza, ndipo swali lako linasomwa. Usipoitika, saa inalia na swali linavuka upande wa pili.

Mvulana wa hesabu akaitwa, akaitika, akapata. Nahodha akaitwa, akaitika kabla jina halijaisha, akapata. Nikajua anayefuata ni mimi. Nilikuwa tayari, naapa. Neno lilikuwa limekaa mdomoni. Nilifikiria duka, na mwanamke anayepita na kusimama.

Jina langu likaitwa.

Halikutoka kwenye spika. Ndivyo nilivyosikia, na nikiulizwa kanisani nitasema vilevile. Lilitoka nyuma kushoto, chini, karibu na sakafu, kule ambako asubuhi nilikuwa nimeona viti vitupu vimepangwa mbele ya pazia. Na liliitwa kwa kuvuta mwisho wake, kama tunavyoitana sisi, si kama Waganda wanavyolikata. Nikageuza kichwa. Sikuona sura. Mwili wangu ukafanya ulichofundishwa: mikono ikaacha kila kitu, mdomo ukafunga, nikangoja aite tena.

Nahodha akanipiga teke chini ya meza. Nilisikia umeme kwenye taa. Nikawaza, kama ni muzima, atarudilia. Kama ni yeye, atarudilia.

Saa ikalia.

Swali likavuka kwa msichana wa kambi ya jeshi. Lilikuwa ziwa lipi lisilo la chumvi ni refu kuliko yote duniani. Akasema Viktoria. Sauti ikamwambia hapana, ni Tanganyika. Kijiji chetu kilikuwa kinatazama maji hayo. Maji ya kwanza niliyooga ndiyo hayo. Baada ya hapo mambo yetu yakaharibika, nahodha akaanza kubonyeza kengele kwa hasira, na watoto wa askari wakatushinda.

Nje, mwalimu alinishika bega. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. “Wewe ulienda wapi?”

“Sikuenda, mwalimu. Nilikuwa nangoja aniite tena.”

“Nani?”

Nahodha alitema mate pembeni. “Anangoja barua ya mwaliko,” akasema. Yule msichana wa kambi alikuwa karibu, akiwa amevua viatu vyake vigumu. Alinitazama, halafu akasema taratibu, “Na nyanya yangu, jaja, nakataza ivo ivo. Lakini hii ilikuwa kama simu tu. Ungesema helo.”

Njiani kurudi nilikaa nyuma ya pikapu ya shule na kuhesabu hasara yangu, ambayo wengine hawakuijua. Sikusema neno, kwa hiyo kamera haikuwa na sababu ya kunigeukia. Jina halitaandikwa. Mwanamke atapita dukani na hataona kitu.

Kipindi kilionyeshwa Jumapili alasiri, wiki kadhaa baadaye. Tulikwenda Rwekubo, kwenye banda la video ambalo siku zote lilikuwa la mpira. Nyanya alivaa kitenge chake cha kanisa na akakaa benchi la mbele, mikono magotini, kama anayesubiri daktari. Hakuwahi kuingia humo. Sikuwa nimemwambia lolote kuhusu ile sauti. Nilitaka kwanza nisikie.

Ikafika zamu yangu. Na mwuliza maswali akaita jina langu, kwa sauti yake ya mafua, akilikata mwisho kama Waganda wote, kutoka kwenye spika, wazi kabisa. Hakuna zaidi. Kushoto, chini, hakukuwa na kitu.

Lakini kamera ilikuwa imenigeukia. Mwalimu alikosea. Hugeuka unapoitwa, si unapojibu. Na kwa kuwa sikujibu, haikuondoka. Waliojibu walionekana muda wa neno moja kisha wakapotea. Mimi nilibaki. Jina langu lote likakaa chini ya kidevu. Uso wangu ulijaza kioo, umeinama kidogo kushoto, macho yamefunguka, unamsikiliza mtu ambaye hayupo kwenye picha. Sijawahi kujiona hivyo. Alikuwa mtu mwingine, aliyenizidi umri.

“Eeh, Mungu wangu,” jirani yetu mmoja akasema gizani, “uyu mutoto anajua kunyamaza vizuri!” Watu wakacheka. Kisha kicheko kikaisha chenyewe, kwa sababu uso ulikuwa bado upo.

“Anaangaliaka nani pale?” mwingine akauliza.

Saa ikalia kwenye kioo. Picha ikahama. Nyanya akamwambia mwenye banda, “Baba, rudisha.”

“Mama, hii si kanda. Hii ni TV. Hairudi.”

“Rudisha kidogo tu. Nimeona mutoto wangu.”

“Mutoto wako si ni huyu hapa?” akanionyesha mimi.

Nyanya hakugeuka kunitazama. “Hapana uyu,” alisema. “Mama yake.”

Baada ya hapo nilingoja. Watahiniwa wa mtihani hawangoji majibu kama nilivyongoja mimi. Kila aliyerudi kutoka Mbarara nilimtazama mdomo. Watu waliniambia wameniona, mpaka mama mmoja wa sokoni aliniita Bubu wa TV, lakini hakuna aliyeleta neno. Nahodha alinisamehe siku aliyogundua kwamba nimejulikana kuliko yeye.

Msimu wa maharagwe tulikuwa uani tunapukuchua, mimi na nyanya, jua liko juu. Mwanamke akaingia uani na kusimama. Alikuwa na viatu mkononi na vumbi hadi magotini. Hakupiga hodi. Alisimama tu akinitazama, na mapunje yakaniponyoka.

Nikamtazama nyanya, na uso wake ukaniambia hapana kabla mgeni hajafungua mdomo. Si yeye.

“Ni weye,” mwanamke alisema. “Uliniangalia.”

Alitoka Ngarama. Alikuwa amekaa hotelini anakunywa chai, televisheni ikiwa juu ya friji, na mtoto akageuza kichwa na kumtazama yeye, si mtu mwingine, muda mrefu, kama anayemtambua. Yeye pia alitoka Kivu. Alimpoteza mtoto wa kike njiani, wa umri wangu, ambaye alikuwa na jina lingine. “Jina inaweza badilishwa,” alisema. “Batu banaokota mutoto banamupa jina. Mutoto wangu iko na alama ya moto hapa.” Akagusa kifundo chake cha mguu wa kulia.

Nyanya akasema kwa upole, “Mama, uyu ni mujukuu wangu. Nilimukamata mie mwenyewe siku anazaliwa.”

“Najua, mama. Acha nione tu.”

Nimeishi na miguu yangu maisha yangu yote. Lakini alipopiga magoti na kukishika kifundo changu, akilisugua vumbi kwa kidole gumba, nami niliinama kuangalia.

Hakukuwa na alama. Aliangalia mguu wa kushoto pia. Halafu akakaa chini palepale kwenye maganda ya maharagwe, na nyanya akamletea maji, akaingia ndani kusonga bugali, maana mtu aliyetembea kutoka mbali haachwi aende na njaa. Mgeni akanywa, akaweka kikombe chini.

“Nyamaza tena vile,” akaniambia. “Kama ku TV. Kidogo tu.”

Sikujua nifanyeje. Nikageuza kichwa kidogo kushoto, nikafunga mdomo, nikamtazama. Naye akanitazama. Alikuwa na kovu dogo kwenye nyusi na meno mazuri, na nilianza, Mungu anisamehe, kumtafuta mama yangu mle usoni mwake, kuanzia paji la uso kwenda chini. Ndani mwiko ulikuwa umesimama kwenye sufuria. Sote wawili hatukupepesa, mpaka macho yakaanza kutiririka maji na hakuna aliyeyafuta.