Mama Zima na Betri Isiyotaka Kupoa

Nyumbani shangazi yangu tunamwita Mama Zima, na jina limemfuata hadi kazini. Ukiacha taa ya chooni ukatoka mara moja tu, ukirudi unakuta giza. Pasi anaizima, kisha anarudi kutoka getini kuhakikisha. Ajabu ni kwamba kazini analipwa kulinda kitu kisichotakiwa kuzimwa kabisa.

Kwenye karakana yao wanajaribu kutengeneza betri ya kuhifadhi umeme wa jua. Ndani mna sodiamu na salfa, zote zimeyeyushwa kwa joto kali, na bomba jembamba la kauri linazitenganisha. Ikipoa, haifanyi kazi.

"Kwa hiyo inakula umeme ili itunze umeme?" nilimuuliza.

"Ikishachangamka inajipasha yenyewe. Usinichoshe, mwanangu."

Mpaka leo sijaelewa vizuri.

Betri za mwanzo zote zilipasuka kauri zilipopoa. Ilibaki moja, na bosi alishasema hiyo nayo ikifa, kila mtu ashike njia yake. Jumamosi moja shangazi alikuwa ananyoosha nguo. Akazima pasi, akaitazama swichi, akakaa sakafuni.

"Hita ya betri," akasema. "Jana nilipotoka niliizima."

Nikamsindikiza. Sanduku la betri lilikuwa limepoa, unaweza kuliegemea. Fundi mwenzake, Kipara, alikuwa ameshafika.

"Mama Zima, leo umetuzima sote."

"Kipara, sina hamu ya utani."

Shida ni kwamba huwezi kuchungulia ndani. Kujua kama kauri imepasuka, lazima uipashe moto. Na kama imepasuka, ukiipasha, sodiamu na salfa zinakutana, na hapo hapakaliki.

"Sasa mnajuaje?" nikauliza.

"Hatujui," wakajibu pamoja.

Tukakaa nyuma ya ukuta mnene. Shangazi akapandisha joto kidogo kidogo kutwa nzima, macho kwenye kipimo. Jioni mshale wa kipimo ukapanda: volti mbili na kitu, umeme unatoka. Kauri ni nzima.

Kipara akapiga makofi. Shangazi hata hakutabasamu.

"Zile nyingine tulizipoza kwa kuzibembeleza, zikapasuka. Hii nimeitelekeza, imepona. Kwa nini?"

"Dada, si ushukuru tu?"

"Nishukuru kitu nisichokielewa?"

Jumatatu alimweleza bosi kila kitu, kisha akaomba ruhusa ya kuizima tena, makusudi. Bosi akamuuliza kama anaumwa. Amesema atafikiria.

Siku hizi pasi naizima mimi. Shangazi akifika kwenye swichi anasimama, mkono hewani, anaitazama tu.