Mabomu yanapigwa Kinanira na mama hashiki simu, kisa kubana unité

Wakuu, salamu nyingi kutoka Buja, yaani Bujumbura.

Nimesoma mnavyolia humu kuhusu bando kuisha kabla ya wakati, nikacheka peke yangu. Ngoja niwape ya kwetu enzi za vita, simu za mkononi zilipoanza kufika kwa watu wa kawaida.

Sitii chumvi. Mama mwenyewe yuko sebuleni anakunywa chai, nikidanganya atanisuta.

Wakati huo mimi na mke wangu Espérance tulikuwa tumepanga Mutanga Nord, kaskazini mwa mji. Mama alikuwa kusini, Kinanira, kule mlimani, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Peke yake. Ukimwambia ahamie kwetu anakuuliza kuku wake utawaweka wapi.

Basi nikamtafutia simu ya mtumba, ile yenye antena nje, imefungwa raba ili betri isidondoke.

Shida ikawa unité, ndivyo sisi tunavyoita salio. Kadi zilikuwa ghali jamani! Unakwangua, unasema "allo, allo, unanisikia?", imeisha.

Mama akatunga sheria ya familia. Kila jioni kabla ya couvre-feu, ile saa ya kila mtu kuwa ndani, tunabipu. Mimi namlizia simu kidogo, nakata. Maana yake tumefika nyumbani, tuko hai. Naye anabipu, maana ni hiyo hiyo. Tunakula, tunalala.

Na sheria kubwa kuliko zote: MARUFUKU KUSHIKA. Ukishika umekula unité za mwenzako. Mdogo wangu aliyekuwa anasoma chuo, Mutanga Sud, alishika siku moja kwa bahati mbaya. Mama alimsema mpaka Krismasi.

(Mnaosema kubipu ni ushamba, nawaheshimu, lakini kadi moja ilikuwa inatukalia mpaka inakaribia kufa kwa uzee.)

Sasa siku yenyewe.

Asubuhi najiandaa kwenda kazini, tukasikia mabomu upande wa kusini. Ile milio tulishaizoea, Mungu atusamehe, lakini siku hiyo haikukata. Baadaye watu wakaanza kupita na magodoro kichwani. Nikamuuliza baba mmoja anatokea wapi.

"Kinanira," akasema bila kusimama. "Kule hakuna mutu amebakia."

Wakuu, nilikimbilia simu.

Nikampigia mama. Sikubipu, nilipiga kabisa. Ikaita mpaka ikakata yenyewe. Nikarudia. Inaita, haishikwi.

Nikashuka mbio kuelekea kusini. Askari walikuwa wamefunga barabara. Mmoja akaniambia kwa upole, "Rudi nyumbani, muzee. Huku hakupitiki."

Nikarudi, nikapiga tena. Inaita tu. Na yeye hajanibipu hata mara moja. Nilikuwa naiona kabisa ile simu inalia chini ya ukuta ulioanguka, na raba yake. Nikalia mbele ya mke wangu na sikuona aibu.

Mchana wote ukaenda hivyo. Espérance alikuwa anachambua maharage ambayo hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Halafu akaacha.

"Simu yake inaita, si ndiyo?"

"Inaita."

"Basi wacha kupiga."

Nikamtazama nikadhani amechanganyikiwa.

"We unapiga, yeye anasikia bipu," akasema. "Anajua uko muzima, anatulia. Labda unité zimemuishia, hata kubipu hawezi. Nyamaza kidogo. Akikosa bipu yako jioni, atakutafuta mwenyewe."

Nilikasirika sana. Unamwambiaje mtu aache kumtafuta mama yake siku kama hiyo? Lakini sikuwa na njia nyingine. Nikaiweka simu mezani, nikakalia mikono yangu, kweli kabisa, kama mtoto aliyekatazwa sukari.

Saa ya bipu ikafika, mimi sibipu. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Couvre-feu iko karibu kabisa, simu ikalia. Namba siijui. Ikaendelea kulia. Mnajua mkono wangu ulienda ukarudi? Mazoea mabaya! Espérance akaipokonya, akaipokea, akanibandikia sikioni.

"We! Mbona umenyamaza? Uko muzima?"

Mama. Tena kwa ukali.

Kumbe alikuwa mtaa wa Buyenzi, mbali na mabomu. Jirani yake, Mama Zaina, alimtoa nyumbani milio ilipoanza tu, wakaenda kwa kaka yake Mama Zaina, fundi wa magari. Na kuku wawili kwapani.

"Mama, nimekupigia tangu asubuhi! Mbona hukushika?"

"Nishike? Nikule unité zako siku ya vita? Bipu zako zote nimezisikia. Kila ikilia namwambia Mama Zaina, ule ni mutoto wangu, iko muzima. Naye anasema Alhamdulillah. Leo ulikuwa unabipu murefu-murefu, nikasema ni woga. Mi sina unité hata ya kubipu. Sasa jioni, kimya. Nikalia, nikaomba simu ya watu."

Wakuu, mimi nilikuwa nimeshamzika, kumbe mwenzangu anashukuru Mungu kwa ajili yangu siku nzima. Nikacheka huku machozi yanashuka. Espérance naye akakaa chini sakafuni.

"Kata sasa," mama akasema, "hii ni unité ya watu." Akakata yeye.

Nikampigia palepale kwenye simu yake. Ikaita mpaka ikakata yenyewe. Hakushika. Sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Nilichojifunza: kubana matumizi ni sawa, sisi kulituvusha miaka migumu. Lakini wekeni alama ya dharura, na kila mtu aijue. Sisi tulikubaliana kwamba simu ikilia mpaka mwisho halafu ikarudia, shika, hata kama zitaisha zote. Na mama nikamwekea kadi ya akiba, akaishonea ndani ya pindo la kitenge.

Mke wangu nilimwomba radhi kwa ile hasira. Maharage tuliyala usiku huo, na mimi niliomba nyongeza.

Nyie kwenu mlikuwa na alama gani? Na kuna aliyewahi kuponzwa na bipu? Shusheni hapa, nasoma zote.

Samahani, simu imelia mara moja ikakata. Ni mama huko sebuleni, bando ninamwekea kila wiki na bado anabipu. Chai imeisha. Sishiki, naenda.