Vitasa Nilivyovipima Gari Likiwa Juu ya Matofali

Spea zilipoanza kujaa madukani, niliunda gari langu mwenyewe hapa Bombambili. Vitasa vya milango nilivipima gari likiwa juu ya matofali.

“Mwalimu, lishushe kwanza, upakie watu, ndipo upime,” Fundi Komba alinionya. Mimi na digrii yangu tukacheka.

Jumamosi nikampeleka bibi harusi kanisani pamoja na shangazi yake. Bodi ikalemewa, ikabonyea katikati, milango ikabana. Kengele ikalia, padri akatoka kutuangalia. Nikajifanya natafuta ufunguo, jasho likinichuruzika.

“Mwalimu, tunashuka, au ndoa inafungiwa humu?” shangazi akauliza.

Fundi Komba, mgeni mwalikwa, akaita wanaume wanne. Wakalinyanyua gari katikati, sisi tukiwa ndani. Milango yote ikafunguka yenyewe, taratibu, mbele ya kanisa zima.