Binti Aliyewafukuza Kipunji

Nilirudi Tukuyu juzi, rafiki yangu, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kununua hindi la kuchoma pale Msasani, mtaa wa hapohapo Tukuyu. Manyunyu yalikuwa yanaanguka, mama mchomaji anapepea mkaa kwa kipande cha boksi, na ile harufu ikanirudisha moja kwa moja kwa bibi yangu, juu kule ambako mashamba yanaishia na msitu wa mlima Rungwe unaanza.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeshazoeleka. Mjini mitumba ilijaa na redio ziliimba kila duka, lakini mbolea ya bei nafuu waliyoizoea wazee ilikuwa imetoweka. Mahindi ya bibi yaliota kwa samadi na maombi. Siku nyingi tulikula mbalaga, zile ndizi zilizopikwa na maharage, ili mahindi yatufikishe mbali. Asubuhi nilichota maji kijitoni, jioni nilipukuchua maharage jikoni, moshi ukinitoa machozi, nje ukungu umefunika migomba yote.

Ndipo akaja mtafiti. Alikuwa dada kijana kutoka Singida, hajawahi kuona baridi kama yetu, na bibi alimpa chumba cha mjomba. Alikuja kwa ajili ya kipunji, wale kima wenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani, ambao hawapatikani ila sehemu chache sana za nchi yetu. Kila alfajiri alivaa koti lake la kijani, akaning'iniza darubini shingoni, akaingia msituni. Miezi ya mwanzo walimkimbia tu. Yeye akakaa chini ya mti, mvua inampiga, kimya, kesho yake tena.

"Unawatafutia nini hao wezi, mwanangu?" bibi alimuuliza.

"Nataka wanizoee, bibi. Wasiponizoea sitajua wanakula nini, wala kwa nini wanapungua."

Jioni moja alirudi ameloa chapachapa, anacheka peke yake. Mama kipunji alikuwa amemnyonyesha mwanawe kwenye tawi lililokuwa juu ya kichwa chake, bila wasiwasi. Bibi alimpa uji wa moto, akamsikiliza habari ile mpaka mwisho kama anaelezwa mtoto wa ukoo amezaliwa.

Kisha mahindi yakakomaa, na kipunji wakashuka. Walivunja mabua upande wote wa juu. Jirani yetu, mzee mwenye mbwa wakali, akaja kutuambia kwamba wanaume wamekubaliana: Jumamosi wataingia msituni na mbwa na nyavu, wawamalize.

"Baba, hawa wakiisha hapa hatutawapata kwingine," mtafiti alisema.

"Binti, watoto wangu watakula huo utafiti wako?"

Aliyatazama mabua yaliyovunjika. Nilidhani ameshindwa. Halafu akasema, "Nipeni msimu huu tu. Nitalinda mimi mwenyewe."

Jirani akamtazama, akaguna, akakubali. Bibi ndiye aliyeona kilichokuwa ndani ya maneno yale. "Lakini si watakuogopa?"

"Wataniogopa, bibi."

Asubuhi yake nilimpelekea chai shambani. Alisimama mpakani na koti lake la kijani, debe mkononi. Kipunji walipotokea walimwona, na hawakukimbia. Kwa nini wakimbie? Walimjua. Akapiga debe. Wakamtazama. Akapiga kwa nguvu zaidi, akapiga kelele, akarusha mabonge ya udongo mpaka matawi yakatikisika na kundi zima likatawanyika. Wa mwisho kuondoka alikuwa yule mama, mtoto kamkumbatia tumboni, anageuka nyuma kutazama. Dada yule alikuwa analia, na mkono haukuacha kupiga.

Alifanya hivyo kila siku hadi mavuno. Mbwa hawakufunguliwa. Kabla msimu haujaisha jirani mwenyewe alikuja na debe lake, akamwambia akapumzike, na baadaye kijiji kikaanza kulinda kwa zamu. Aliporejea msituni, wanyama walitoweka kila walipoona koti lile. Akaanza upya, akiwa amekaa mvuani. Muda wake uliisha kabla hawajamkaribia tena. Siku ya kuondoka bibi alimshika mikono yote miwili, akamwambia, "Ndaga fijo," asante sana.

Bibi hayupo sasa. Shamba ni la parachichi, jiko la moshi limebomolewa, na wajukuu wa jirani wamehamia Mbeya. Sijui dada yule yuko wapi, wala kama utafiti wake ulikamilika.

Nilipanda mpaka ukingoni mwa msitu. Juu yangu tawi likayumba, nikaona manyoya ya kahawia na uso mweusi unaonichungulia. Nikasogea hatua moja. Akabweka, akakimbilia ndani kabisa, na wengine nisiowaona wakamfuata. Nilisimama pale, nikasikiliza jinsi walivyo wengi.